Jumanne za Bi Taratibu

Kwa miaka kumi na tisa, mwanamke waliyemwita Bi Taratibu alikunja shuka za hospitali. Jina hilo alipewa mwezi wake wa kwanza kazini, kwa sababu ya mwendo wake, na kwa sababu kila aliyemjia mbio na toroli alimwambia, "Taratibu, ndugu yangu, shuka hazina miguu." Alipopandishwa kuwa msimamizi wa chumba cha kufulia, wenzake hawakumbadilishia jina. Walibadilisha maana tu. Zamani Taratibu ilikuwa kwenda polepole. Sasa, walisema wakichekea pembeni, ni zile taratibu zinazobandikwa ukutani.

Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya hospitali, kando ya bomba la moshi wa boila ya kuchemshia maji. Mashine mbili kubwa za kufulia zilikaa katika chumba chao cha ndani. Nje yake kulikuwa na mashine ya kukaushia, meza ndefu ya kupigia pasi, meza ya kukunjia, na cherehani moja dirishani ya kushonea shuka zilizochanika. Uani zilipangwa kamba za kuanikia. Na katika pembe moja kulikuwa na kijichumba chenye mlango wa kioo kilichopakwa rangi nyeupe hadi usawa wa kichwa, ili anayekaa ndani asionekane. Humo ndimo alimokaa msimamizi aliyetangulia, mtu waliyempachika jina la Bwana Faili. Katika miaka saba ya Bwana Faili, hakuna aliyeitwa mle ndani kwa heri. Mmoja alitoka na barua ya onyo, mwingine na barua ya kuachishwa, na dada mmoja wa pasi alitoka bila barua yoyote, akachukua kanga yake msumarini, wala hakuaga.

Sasa Bwana Faili alikuwa amehamishiwa stoo kuu, na Bi Taratibu alipelekwa semina ya siku mbili pamoja na wasimamizi wenzake. Mwalimu wa semina, mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kiongozi wa kwaya, aliwaambia jambo moja lililomkaa moyoni: kila msimamizi akutane na kila mtu wake peke yake, kwa wakati unaojulikana, bila kuahirisha. Aulize, kisha anyamaze. "Mkutano ule ni wa mfanyakazi," alisema. "Wewe umealikwa tu." Bi Taratibu aliyaandika yote kwenye daftari, akapigia mstari.

Jumatatu iliyofuata akabandika ratiba ukutani. Watu wake walikuwa wanne, na kila mmoja alipewa nusu saa siku ya Jumanne. Kufika saa sita mchana, mtu alikuwa ameandika juu ya ratiba ile kwa penseli: Zamu ya Machinjio.

Wa kwanza alikuwa Mama Pacha wa meza ya pasi. Aliingia na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na kikombe chake, ndala zake na kile kitambaa alichofutia jasho, kwa maana alikuwa ameshaaga wenzake. Bi Taratibu alimkaribisha kiti, akafungua daftari, akasoma maswali kama alivyoyaandika. Anajisikiaje kazini? Vizuri. Ana tatizo gani? Hakuna. Angependa asaidiwe nini? Hapana, ashukuriwe Mungu. Dakika nne zilikuwa hazijatimia. Mama Pacha alisimama, akauliza kama barua yake ataipata leo au kesho. Alipoambiwa hakuna barua, alitoka kinyumenyume, macho yakiwa kwenye daftari.

Akafuata fundi cherehani, mzee aliyekuwa pale tangu jengo lilipopakwa rangi ya kwanza. Huyu alimwita Bi Taratibu "binti yangu," na yeye alimwita mzee, na wote wawili waliona aibu ya kukaa vile, mtoto upande wa meza wa mkubwa. Mzee hakujibu swali hata moja. Aliuliza la kwake, akalirudia mara tatu: nani amekutuma? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mzee yule alikuwa amewaona wasimamizi watano.

Wa tatu alikuwa mtu wa mashine. Walimwita Kimya. Alikuwa mrefu, mikono imebabuka kwa sabuni na maji ya moto, na kwa siku nzima angeweza kusema maneno yasiyozidi idadi ya vidole vyake. Alikaa, akatazama kioo cheupe, akasema, "Mashine ziko kazini." Baada ya hapo alisikiliza maswali yote kama mtu anayesubiri mvua ikatike.

Wa nne alikuwa Redio.

Redio ndiye aliyezunguka wodini na toroli kukusanya nguo chafu, na kwa kuwa alipita kila mlango, alirudi na magunia ya shuka na magunia ya habari. Nusu saa haikumtosha. Alianza na wauguzi, akashuka kwa wapishi, akafika chumba cha kufulia. Kwa sauti ya chini alimweleza Bi Taratibu kuwa anamhurumia, kwa sababu yeye ni mwema na wenzake si wema. Fundi cherehani anahesabu makosa yake. Mama Pacha anasema kukunja na kuongoza ni mambo mawili. Na Kimya, ah, Kimya ndiye wa kuogopwa. Kila asubuhi anafika saa nzima kabla ya wote, anajifungia chumba cha mashine, anaongea na Bwana Faili kwa simu. Wanapanga Bwana Faili arudi.

"Mimi sikwambii ili umchukie mtu," Redio alimaliza. "Nakwambia ili ujue unalala na nani."

Bi Taratibu aliandika kurasa tatu. Ukweli ni kwamba aliona raha. Siku nzima watu walikuwa wamemfungia midomo kama milango ya benki, na hatimaye huyu mmoja alikuwa amezungumza. Mwalimu wa semina alisema uulize kisha unyamaze, naye alikuwa amenyamaza. Hakujiuliza alikuwa anamnyamazia nani na kwa habari za nani.

Tangu Jumanne hiyo hakumtazama Kimya kwa macho yale ya zamani. Alikumbuka mambo ambayo mwanzo hayakuwa na maana. Kimya hakunywa chai na wenzake. Saa nne wote walipokaa uani, yeye alibaki ndani na mashine. Kwa muda gani sasa? Miezi. Kwa nini mtu akatae chai? Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na kwa mtu aliyezungukwa na nguo kutwa nzima methali hiyo haikumpa usingizi.

Alhamisi moja aliamka mapema, akafika kazini kabla jua halijapanda juu ya paa la boila. Chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa kwa ndani. Alisikia chuma kikigongwa, kikanyamaza, kikagongwa tena. Akabisha. Kimya alifungua baada ya muda mrefu kuliko unaohitajika kufungua mlango, na nyuma yake gunia lilikuwa limetupwa juu ya kitu sakafuni. Bi Taratibu alimsalimu, akauliza habari za asubuhi, akaambiwa njema. Hakuuliza kuhusu gunia. Alirudi ofisini akaandika.

Mikutano ya Jumanne ikaendelea, ila sasa ilibadilika rangi. Mama Pacha aliulizwa yeye na Kimya huwa wanazungumza nini. Fundi cherehani aliulizwa kama amewahi kupigiwa simu na Bwana Faili. Kimya mwenyewe aliulizwa kwa mzunguko: anafika saa ngapi, anapenda nini asubuhi, nyumbani hawamkosi? Majibu yalizidi kuwa mafupi. Kisha ikazuka ajabu ya Jumanne: Jumanne hii jino la Mama Pacha, Jumanne ile goti la mzee, Jumanne ya tatu mjomba wa mtu amefika ghafla kutoka safari. Siku nyingine za wiki wote walikuwa wazima kama kengele. Redio peke yake hakuugua kamwe.

Jioni moja, wakiosha vyombo, Bi Taratibu alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa utani, na kwanza alicheka habari ya jino la Jumanne. Akasema hata yeye akimwita mtoto ofisini kumpa zawadi, mtoto hufika ameshalia. Kisha akafuta sahani moja kwa muda mrefu.

"Huyo Redio," aliuliza, "akitoka kwako huwa anakwenda wapi?"

"Anarudi kazini. Anazunguka na toroli."

"Basi mama watoto, na wewe umo kwenye toroli."

Usiku ule shaka ya Bi Taratibu ilihama kwa Kimya ikaenda kwa Redio, na asubuhi alifanya jambo ambalo baadaye aliliona aibu kulikumbuka. Alimwita Redio, akamnong'oneza kwamba anafikiria kuomba kamba za uani zisogezwe karibu na ukuta, lakini asimwambie mtu. Ilikuwa saa mbili na nusu. Saa tano muuguzi wa wodi ya watoto alimsimamisha kwenye korido, akampa pole kwamba uwanja wa kuanikia unachukuliwa na watu wawili watapunguzwa.

Alipaswa kufurahi kwamba mtego umenasa. Badala yake alikaa kwenye kijichumba chake na kuona alivyokuwa. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha Bwana Faili, nyuma ya kioo cha Bwana Faili, akitega watu kwa maneno, na daftari limejaa mambo ya watu yaliyosemwa na mtu mwingine. Katika kurasa zote zile, hapakuwa na mstari mmoja ambao Kimya, au Mama Pacha, au mzee alikuwa amejisemea mwenyewe.

Jumanne iliyofuata hakuketi ofisini. Mama Pacha alikuwa hayupo kweli, pacha mmoja ana homa, na shuka za wodi tatu zilikuwa zimerundikana mezani. Bi Taratibu alivua viatu vya ofisi, akavaa ndala, akaanza kukunja kama zamani. Lakini shuka kubwa za vitanda vya wodi hazikunjwi na mtu mmoja. Utazikokota chini tu. Alisimama mlangoni pa chumba cha mashine, akamwomba Kimya aje amshikie ncha.

Kimya aliitazama mashine ya pili, akaitazama saa ukutani, akaja.

Walikunja. Anayejua kazi hiyo anajua ilivyo: mnashika ncha mbili mbili, mnavuta, mnapeana migongo ya mikono mnapokutana, mmoja anapokea, mnarudi nyuma tena. Hakuna meza kati yenu, wala kitu cha kuandikia. Shuka ya kwanza, ya pili, ya tano, hawakusema neno. Bi Taratibu hakuwa na swali, na kwa mara ya kwanza ule unyamavu haukumtia wasiwasi. Yapata shuka ya kumi na mbili, wakiwa wamekutana katikati, Kimya alisema, "Mlango wa mashine ya pili haufungi."

Bi Taratibu alibaki na ncha mkononi.

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa nane sasa."

Akaeleza, kwa vipande, katikati ya shuka. Kitasa cha mashine kilikatika ndani. Alimpelekea taarifa Bwana Faili, na Bwana Faili akamwambia aliyekuwa zamu siku kilipokatika ndiye aliyekikata, na kama anataka kuliandika hilo, aliandike pamoja na jina lake. Hakuliandika. Akawa anafika mapema kila siku, kabla ya watu, anaukaza mlango kwa kipande cha chuma na mkanda wa gari kuukuu, kisha anasimama karibu kutwa, chai hanywi, maana mkanda ukilegea na ngoma ya mashine inazunguka, maji yanayochemka yatamwagika yote kwa atakayekuwa mbele. Kile chuma ndicho alichokifunika kwa gunia siku ile.

"Nimekuita mara tano," Bi Taratibu alisema. "Kila mara nimekuuliza kama una tatizo."

"Mimi sina tatizo," Kimya alisema. "Mashine ndiyo yenye tatizo." Walikutana, wakaachana. "Halafu ulikuwa unaandika."

Kuna neno jingine alilolisema kabla shuka hazijaisha. Redio alikuwa amemwambia kwamba bosi anaandika saa anazofika asubuhi, ili amfungulie kesi ya kuiba sabuni. Kwa hiyo majuma yote yale, wakati yeye akimtilia shaka Kimya kwa kufika mapema, Kimya naye alikuwa anamtilia shaka yeye kwa kuulizia saa.

Bi Taratibu alizima mashine ya pili kwa mkono wake mwenyewe kabla ya saa sita. Akaandika taarifa, akatia sahihi yake peke yake, akapanda nayo kwa mkuu wa utumishi. Mkuu hakufurahi. Alitaka kujua kitasa kimevunjwa na nani, na kwa nini kimesemwa leo. Bi Taratibu alimjibu kwamba kimevunjwa na miaka, na kwamba kimesemwa leo kwa sababu leo ndipo aliposikiliza. Aliambiwa arudi kazini, fundi atatafutwa.

Fundi alitafutwa kwa majuma matatu. Mashine moja haifui hospitali nzima, na watu walilia. Wauguzi walikuja kugomba mlangoni, wagonjwa wa wodi moja walilalia shuka za chumba cha upasuaji, za kijani, na Mama Pacha alipiga pasi mpaka saa za kutoka zikapita. Walimlaumu Bi Taratibu waziwazi. Lakini hakuna aliyesikia jina la Kimya likitajwa popote, na hilo watu wa chumba cha kufulia waliliona, ingawa hawakulisema. Siku ya tatu bila mashine ya pili, Kimya alitoka uani saa nne, akachukua kikombe.

Kuhusu daftari, Bi Taratibu alifanya hivi. Alimpa kila mmoja kurasa zake azisome, mbele yake, kisha azichane mwenyewe. Mama Pacha alisoma polepole, akasema kule kuongoza na kukunja ni kweli alisema, ila sivyo ilivyoandikwa. Akasema pia kwamba angependa kuingia nusu saa baadaye awapeleke pacha shule, na afidie jioni. Jibu la juu lilikuja Jumanne iliyofuata, nalo lilikuwa hapana, na Bi Taratibu alilileta mwenyewe bila kulipaka sukari. Ajabu ni kwamba baada ya hapana hiyo Mama Pacha alianza kuzungumza. Labda aliona kwamba neno alilolitoa lilikwenda mahali likarudi. Fundi cherehani yeye alikataa kuchana kurasa. Alizikunja, akaweka mfukoni, huenda zitamfaa mahakamani. Na tangu hapo aliingia mkutanoni na daftari lake mwenyewe, akiandika kila analosema bosi. Bi Taratibu alimwacha. Mikutano yenyewe ilikuwa imehamia kwenye meza ya kukunjia, au kwenye kamba za uani, au popote kazi ilipokuwa, na mzee alilazimika kuandika kwa kuegemea nguzo.

Wa mwisho kupewa kurasa zake alikuwa Redio, na zilikuwa tupu. Ukurasa wenye jina lake haukuwa na kitu chini ya jina.

Alimfuata chini ya ngazi za nyuma, alipokuwa anapumzisha toroli. Redio alikuwa ameshahisi hali ya hewa. Alianza mara moja kueleza kwamba Kimya na mzee sasa wameanza urafiki wa kutiliwa shaka. Bi Taratibu alimwacha amalize, kisha akamwambia kwamba habari za kamba za uani alizitunga yeye, kwamba lilikuwa kosa kumtega, na kwamba kuanzia leo, nusu saa yake ni ya kuzungumzia mambo yake tu. Habari za mtu mwingine atazisikia kwa mwenyewe.

Redio, ambaye mdomo wake haukuwahi kwenda likizo, alingoja kwanza muuguzi aliyekuwa akipita juu yao apande ngazi zote na kufunga mlango.

"Bwana Faili hakuwahi kuniuliza habari zangu," alisema. "Aliniuliza za watu. Nilikuwa nikimpa, ananiacha."

"Mimi nakuuliza zako."

Akasema, akitazama magurudumu ya toroli, kwamba wanapima ukuta wa nyuma kwa ajili ya lifti ya mizigo. Ameona watu na kamba za kupimia. Lifti ikija, nguo zitashuka zenyewe, na mtu wa toroli ni wa nini tena? Miezi yote hii amekuwa akifikiri kwamba siku watu wakipunguzwa, ni heri wawe na mwingine wa kumfikiria kwanza.

Bi Taratibu hakumfariji, kwa sababu hakujua. Alimwambia hivyo: sijui, nitauliza, Jumanne nitakwambia nilichoambiwa. Aliuliza. Jumanne ile hakuwa na jibu, akaenda kumwambia kwamba hana jibu. Jumanne ya pili yake vilevile. Ya tatu alimkuta Redio wodi ya wazee, akamwambia kwamba lifti itajengwa kweli, mwakani, na kwamba mkuu ameandika mtu wa toroli atahitajika kuipakia na kuipakua. Ameiona karatasi kwa macho yake.

Redio aliuliza karatasi hiyo ina sahihi ya nani. Akauliza kama anaweza kuiona na yeye. Bi Taratibu akasema ni haki yake, waende sasa hivi kabla mkuu hajatoka, na wakaiacha toroli pale ukutani, wakapanda pamoja.